Mwamuzi au Kitabu? Ugomvi wa Wakale na Wapya katika Michezo ya Uhusika

Kuna ugomvi usiozeeka. Kila fani ikishapata umri, watu wake hugawika mafungu mawili: hawa wasema ya wazee hayana mfano, na wale wasema zama zimegeuka. Sisi watu wa Pwani twaujua ugomvi huo kwa majina ya vina na mizani, na wengine wetu tumeutolea jasho. Leo tumeonelea kuwaletea wasomaji wetu ugomvi wa namna iyo hiyo uliozuka mbali na kwetu, katika mchezo uliozaliwa Marekani. Mchezo si wetu, lakini ndani yake mna swali ambalo kila jamii hulikuta mlangoni: likizuka jambo ambalo sheria haikulitaja, aamue nani? Na huyo aamuaye, tumwamini kwa dhamana gani?

MCHEZO WENYEWE

Huitwa mchezo wa uhusika, na huchezwa mezani kwa maneno. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao ni mwamuzi. Yeye ndiye ajuaye nchi ya kubuni ilivyo: ngome zake, mapango yake, majoka yake na hazina zilikofichwa. Waliosalia, kila mmoja huchukua mhusika mmoja, awe askari, mchawi au mwizi, akasema kwa niaba yake. Mwamuzi hueleza wanayoyaona, wao husema watakalotenda, naye hujibu lililotokea. Pakiwa na shaka hurushwa dadu. Ziko za pande 6 tuzijuazo, na ziko za pande 4, 8, 12 hata 20. Hapana mshindi mmoja, na kisa chaweza kuendelea miezi au miaka.

Aliyekulia katika hadithi za jioni ataufahamu upesi. Ni hadithi ambayo wasikilizaji wameruhusiwa kumkatiza msimulizi, wakaingia ndani na kuigeuza njia yake.

Wa kwanza kuuzwa ni Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Ulitoka Januari 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Vilikuwa vijitabu vitatu ndani ya sanduku, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Tangu siku hizo umetolewa upya mara nyingi. Toleo la tatu lilitoka 2000, la nne 2008, la tano 2014, na hilo la tano likarekebishwa 2024. Michezo mingine mingi imezaliwa kutokana nao, na wachezaji wake wamegawika kama tulivyotangulia kusema.

SANDUKU MOJA, MEZA MBILI

Ili msomaji aone wanachogombania, tutoe mfano. Wachezaji wameingia chumba kilicho chini ya ngome. Mwamuzi awaambia: “Pembeni pana sanduku la mti mweusi. Kifuniko kimefungwa, lakini hapana kufuli.”

Kwenye meza ya mtindo wa kale, mchezaji haikimbilii dadu. Huuliza: “Juu ya kifuniko pana vumbi?” Lipo. “Vumbi hilo li sawasawa, au pana alama za vidole?” Alama zipo, lakini upande wa nyuma tu, penye bawaba. Hapo mwenye akili hung’amua kwamba aliyelifungua mara ya mwisho hakuthubutu kusimama mbele. Basi naye hulizunguka, akakinyanyua kifuniko kwa ncha ya upanga, na mshale wenye sumu ukaruka mbele usimpate mtu. Hapana dadu iliyorushwa. Kilichomwokoa ni akili yake mwenyewe mchezaji. Na lau angekurupuka akalifungua kwa mbele, mhusika aliyemlea miezi mitatu angekufa pale pale, naye angeanza upya na mwingine.

Kwenye meza ya mtindo mpya, mchezaji husema: “Nalikagua sanduku kama lina mtego.” Mwamuzi humwambia arushe dadu ya pande 20, kisha aongeze nambari ya ujuzi iliyoandikwa katika karatasi ya mhusika wake. Jumla ikifika 15, mathalan, ameuona mtego. Isipofika, hakuuona. Na hata akipigwa na mshale, aghalabu sheria humwachia nafasi ya kupona, kwa sababu kisa chake kingali kinangojewa na wenziwe.

Wakale huwacheka wapya, wakasema: “Nyinyi mwacheza karatasi, hamchezi mchezo.” Wapya nao hujibu: “Nyinyi mwacheza akili ya mwamuzi. Akiamka vibaya, mwafa nyote.”

Msomaji asidhani mtindo wa pili ni wa wavivu. Una hoja, na hoja yake ni nzito. Yuko mtu mwenye haya au kigugumizi, naye apenda kumcheza mjumbe mwenye ulimi wa asali. Wakale wakimwambia “sema wewe mwenyewe, tusikie,” wamemnyima mlango. Nambari iliyo katika karatasi humpa mtu huyo ufasaha asiokuwa nao, kama vile inavyompa mnyonge nguvu za kuinua jiwe. Kwani yule amchezaye shujaa hatakiwi kuinua meza ili kuonyesha nguvu zake. Kwa nini basi amchezaye msemaji atakiwe kusema vizuri?

NANI WA KALE HASA?

Sasa tutazame huo ukale wenyewe umri wake. Hapa ndipo penye funzo.

Watu wengi hudhani kwamba mambo huanza kwa sheria kali, kisha vijana wakazilegeza. Katika mchezo huu imekuwa kinyume. Vile vijitabu vitatu vya 1974 vilikuwa na mapengo mengi, na mwamuzi ndiye aliyekuwa akiyaziba kwa busara yake. Walakini haukupita muda. Mwaka 1975 kilitoka kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, na ndani yake akaingizwa mhusika mpya, mwizi, mwenye nambari za asilimia za kufungua kufuli na kutegua mitego. Tangu siku ile, swali la “wafanyaje?” likaanza kupokewa na swali la “una asilimia ngapi?” Huo upya unaolaumiwa leo ulizaliwa mwaka mmoja tu baada ya ukale, tena mikononi mwa waasisi wenyewe.

Mwaka uo huo wa 1975 Gygax aliandaa mtihani wa mashindano uitwao Tomb of Horrors, ambao ulichapishwa 1978. Humo mna uso wa shetani wa rangi ya kijani uliochongwa ukutani, kinywa wazi, giza tupu ndani. Aingiaye kinywani haonekani tena. Hapana dadu ya kumwokoa wala rufani. Wakale huutaja uso huo kwa fahari, kwamba mchezo ulikuwa ukikutaka utumie akili kabla ya miguu. Lakini mashindano yana sharti lake. Watu wa meza kumi wakishindana, hakimu wa meza hii na wa meza ile lazima wahukumu sawa, la sivyo ushindi hauna maana. Gygax huyo huyo, kati ya 1977 na 1979, alitoa vitabu vikubwa vya mchezo huo akitaka sheria ziwe moja kila mahali. Vijitabu vikageuka majalada.

Kisha 1984 ukaja mfululizo wa Dragonlance, wa Tracy Hickman na wenzake, uliochezwa na pia kuandikwa riwaya. Hapo kisa kikawa ndicho mfalme. Wahusika walikuwa na majina na nasaba tangu mwanzo, na mwamuzi alishauriwa kwamba mhusika muhimu akifa, kifo chake kifichwe na maiti isionekane, ili aweze kurudi mbele ya safari. Ajali ya meza ikatiishwa chini ya kisa. Toleo la tatu la 2000 nalo likaweka hesabu moja ya dadu kwa karibu kila tendo, na mchezaji akaweza kumwambia mwamuzi: “Kitabu chasema hivi.”

Hapo ndipo wakale walipojiita wakale. Kampuni iliyokuwa na mchezo huo ilitoa idhini mwaka 2000 kwa watu wengine kuzitumia sehemu za sheria zake, na kwa idhini hiyo wapenzi wa zamani wakaandika upya sheria za awali. OSRIC na Basic Fantasy zilitoka 2006, na Swords & Wizardry ikatoka 2008. Mwaka huo wa 2008 Matt Finch, mmoja wa waliotia mkono katika OSRIC, aliandika kijitabu cha kuufundisha mtindo wa kale kwa wasioujua. Akashikilia kwamba uamuzi wa papo kwa papo watangulia sheria, na akili ya mchezaji yatangulia nambari za mhusika.

Tuangalie vizuri. Ukale huo ulipewa jina na kanuni miaka thelathini na zaidi baada ya mchezo kuzaliwa, na watu waliokuwa wakiujibu upya. Hatusemi kwamba ni uongo. Twasema ni uteuzi. Katika mengi yaliyokuwako zamani, waliteua waliyoyapenda, wakayaita asili. Nasi huku kwetu tusicheke, kwani neno “asili” latutoka midomoni kila siku, na mara nyingi asili tuisemayo ni ile iliyotufaa katika mabishano ya jana.

KABLA YAO WALIKUWAKO WAPRUSIA

Tena ugomvi wenyewe ni mkongwe kuliko mchezo. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa sheria za mchezo wa vita wa kuwafundishia maofisa, akiendeleza kazi aliyoianza baba yake. Ulichezwa juu ya ramani, pakiwa na mwamuzi, dadu na majedwali ya hesabu: bunduki kadhaa, kwa masafa kadhaa, zaua watu kadhaa. Mchezo ulipata sifa, lakini hesabu zikawachosha watu. Mwaka 1876 jenerali Verdy du Vernois akashauri majedwali na dadu viwekwe kando, na ofisa mzoefu wa vita ahukumu kwa maarifa yake.

Huo ndio ugomvi wa leo, miaka mia moja kabla ya Lake Geneva. Na kamba haikukatika. Mwaka 1880 Mmarekani Charles Totten aliandika kitabu cha mchezo wa vita kiitwacho Strategos, chenye mwamuzi mwenye madaraka makubwa. Kitabu hicho kilimfikia kijana wa Minnesota, David Wesely, naye 1969 akaandaa mchezo katika mji wa kubuni aliouita Braunstein, kila mchezaji akiwa na cheo chake na siri yake. Arneson alikuwa miongoni mwa waliocheza michezo ya Wesely, na kutoka hapo akabuni nchi yake ya Blackmoor, iliyokuwa mbegu ya Dungeons & Dragons.

Basi majedwali yalitangulia, mwamuzi akayapindua, vitabu vikarudi, na mwamuzi akarudishwa tena. Kila upande umewahi kuwa wa kale, na kila upande umewahi kuwa mpya.

MFANO WA USHAIRI

Kwa sisi wa ushairi jambo hili lina ajabu yake. Mwaka huo wa 1974 uliotoa mchezo huu Marekani ndio uliotoa diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyowasha moto kuhusu mashairi yasiyo na vina wala mizani. Kwetu wakale ndio walioshika sheria, nao walikuwa na kitabu cha Sheikh Amri Abedi cha 1954 cha sheria za kutunga mashairi. Wapya ndio waliosema: mwachieni mshairi ajihukumu. Kule Marekani viti vimebadilishwa. Wakale ndio wasemao tumwachie mtu ahukumu, na wapya ndio washikao kitabu.

Hii yatuonyesha kwamba sheria si mali ya wazee, wala uhuru si mali ya vijana. Mtu hushika kitabu anapomhofia mwenziwe, na hukiweka chini anapomwamini. Atakaye kujua kwa nini fani fulani imejaa sheria, asiulize umri wake. Aulize ni dhuluma gani iliyotangulia.

Na dhuluma zilikuwako. Wachezaji wengi wa zamani wanasimulia habari za mwamuzi aliyemwua mhusika kwa kuwa mwenyewe amemuudhi, au aliyempa ndugu yake upanga wa ajabu na wengine akawapa kutu. Sheria nyingi za mtindo mpya ni majibu ya mambo kama hayo. Kuna mchezo uitwao Apocalypse World, wa 2010, ambao umeandika kanuni za kumfunga mwamuzi mwenyewe: aseme nini, akusudie nini, na ajizuie na nini. Meza nyingi siku hizi hukutana kwanza bila kucheza, ili wapatane ni mambo gani hayatatiwa mchezoni. Wakale huona hayo ni ulaini. Sisi twaona ni mkataba, na mkataba haukumdhuru mwaminifu.

DADU NA WANAVYUONI

Hatuwezi kuwaandikia Waislamu juu ya mchezo wenye dadu tukapita kimya. Madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu hapa Pwani, yametofautisha baina ya sataranji na nardi. Sataranji imehesabiwa makuruhu, maadam haina kamari ndani yake wala haimsahaulishi mtu sala. Nardi, ichezwayo kwa dadu, imeharamishwa kwa kauli yenye nguvu, na hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, ziko katika jambo hilo. Wanavyuoni wa baadaye walipoeleza tofauti, walisema mchezo ulio juu ya hesabu na fikra si sawa na ule ulio juu ya kubahatisha.

Je, mchezo huu wa uhusika, usio na dau, ambao dadu ni sehemu yake tu, uingie upande gani? Hatutoi fatwa katika ukurasa wa utamaduni, na mzazi ambaye mwanawe ameuleta nyumbani na amuulize sheikh wake. Vilevile amtazame mwanawe amcheza mhusika gani, kwani humo mna wachawi na miungu ya kubuni, na si kila vazi lafaa kuvaliwa hata kwa mzaha.

Tulitakalo ni kuonyesha kwamba mizani ya fikra na bahati, waliyoiweka wanavyuoni wetu, yagusa kiini cha ugomvi huu. Wakale wasemapo “uliza kwanza, rusha dadu mwisho,” wanavuta mchezo upande wa fikra. Wakati ambapo kila swali lajibiwa na dadu ya pande 20, mchezo umevutwa upande wa bahati, hata karatasi ikijaa nambari. Hata miongoni mwa wakale dadu zimo, tena nyingi. Lakini palipo na hiari, wao wateua akili, na kwa hilo tunawasifu.

MAONI YETU

Hatutaki kufanana na kadhi aogopaye kukata kesi. Baina ya mitindo miwili, twaegemea wa kale, kwa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba humfundisha mtu kuuliza. Kijana aliyezoea kuuliza “vumbi limekaaje?” kabla ya kufungua sanduku, kesho atauliza “maandishi haya madogo yasemaje?” kabla ya kutia sahihi. Aliyezoea kuambiwa kwamba karatasi yake imeuona mtego, hakuuona mtego yeye.

La pili ni hasara. Mchezo ambao mhusika hafi wafundisha kwamba kila kosa lina fidia. Dunia haiko hivyo. Afadhali mtu aonje majuto madogo mezani, panapo chai na wenziwe, kuliko kuyaonja mara ya kwanza baharini.

Lakini mtindo wa kale hausimami ila kwa mwamuzi mwenye insafu, na hapa wapya wametufaa kwa kutukumbusha. Mwamuzi huyo aseme hatari mapema, bila kuificha ili acheke mtu akinaswa. Uamuzi alioutoa kwa mgeni jana, autoe kwa nduguye leo. Asikie hoja ya mchezaji kabla ya kukata, na akishakata, asigeuze kwa hasira. Akikosa sifa hizo, wachezaji wake wana haki kukimbilia kitabu, wala wasilaumiwe. Hatumlaumu mtu aliyekimbilia dari kwa kuwa mvua ilimnyeshea.

Ndiyo maana twasema ugomvi huu si wa Marekani peke yao. Katika mpira, tangu Kombe la Dunia la 2018, refa ameongezewa mashine ya kumrudia picha, na bado watu hugombana, kwa kuwa picha nayo yataka mtu wa kuitafsiri. Katika baraza zetu, katika vyama vyetu, hata katika mirathi isiyokwisha, twaongeza vifungu juu ya vifungu kila tunapokosa mtu wa kumwamini. Vifungu ni vyema. Lakini jamii iliyoacha kulea waamuzi wema, ikategemea vifungu tu, itaandika mpaka karatasi zishe.

Kanuni hazihukumu, mwenye kuhukumu mtu,
Zaandikwa kwa kalamu, hazijui hali zetu,
Na mtu bila nidhamu, mizani yake si kitu,
Haki hushika hatamu, penye sheria na utu.